Grupu la wafugaji wa kuku: wageni wanauliza lile lile kila siku, wakongwe wamenyamaza. Tunafanyaje?

Baba Trei (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Shikamooni wenye shikamoo zenu.

Naomba tujadili jambo linalonikosesha usingizi, na safari hii si kuku. Mimi ni admini wa grupu la WhatsApp la wafugaji wa kuku. Tulianza 2017 tukiwa watu 19, wengi tunajuana sura kwa kuwa tulikuwa tunachukua vifaranga kwa wakala mmoja pale Mbagala. Enzi hizo grupu lilikuwa linachukua watu 256 tu na hatukufika hata nusu. Mtu akiandika saa tano usiku "mitetea yangu imepunguza kutaga", saa tano na robo ana majibu sita, na katika hao sita mmoja kesho yake anapita bandani kwake kuangalia kwa macho.

Mwaka 2022 WhatsApp wakaongeza nafasi, kwanza 512, halafu 1,024. Nasi tukafungua mlango. Sasa tuko 900 na ushee, na kila siku ya Mungu kuna anayeuliza: "Samahani wakuu, kifaranga wa siku saba anapewa chanjo gani?" Jibu ni lile lile tunalolitumia tangu tuanze: siku ya 7 mdondo (wengine mnaita kideri), siku ya 14 gumboro, siku ya 21 mdondo tena, siku ya 28 gumboro tena, ndui kuanzia wiki ya sita hadi ya nane, kisha mdondo kila miezi mitatu. Nimeliandika mpaka simu yangu nikigusa herufi "m" inaniletea "mdondo" kabla ya "mama".

Juzi nikakaa nikahesabu. Katika wale 19, walio bado grupuni ni 14. Walioandika chochote mwaka huu ni wanne, na mmoja kati ya hao wanne aliandika pole ya msiba tu.

Nimejaribu mawili, yote yamenigeukia.

La kwanza, niliwatenganisha. Nikafungua grupu la pili nikaliita Darasa la Vifaranga, wageni wakae huko, wakongwe wabaki barazani kwao. Wakongwe wakafurahi wiki moja. Kule darasani wakabaki wageni watupu. Kijana mmoja ana vifaranga 200 akauliza chanjo ya maji inatolewaje. Akajibiwa na mwenzake aliyemtangulia wiki tatu: changanya kwenye maji, wape. Basi. Hakuna aliyemwambia kuwa chanjo ile ni kitu hai, na maji ya bomba yenye klorini yanaiua humo humo ndooni. Hakuna aliyemwambia awanyime maji kwanza, saa moja hadi mbili, ili wakiletewa ya chanjo wayagombanie wayamalize mapema. Wala habari ya kutia maziwa kidogo ya unga, yale yasiyo na mafuta.

Wiki ya nne gumboro ikapita kwake. Alinipigia saa kumi na moja alfajiri analia, mtu mzima mwenye ndevu. Nikaenda. Waliobaki wamejikunyata, manyoya yamesimama, kinyesi cheupe cha majimaji, na yeye yuko mlangoni kashika ndoo ile ile aliyochanganyia chanjo, sijui alikuwa anataka kuifanyia nini. Akaniambia, "Mzee, mimi nilifuata grupu." Sikuwa na la kumjibu. Darasa nikalifunga siku hiyo hiyo.

La pili, vyeo. Nikateua wakongwe watano nikawaita Washauri, namba zao nikaziweka kwenye maelezo ya grupu. Ndani ya wiki mbili watatu wakalefti. Mmoja alipigiwa saa sita usiku na mtu asiyemjua, anamuuliza bei ya trei ya mayai Mwanza.

Sasa nauliza wenye uzoefu wa kuendesha makundi ya mtandaoni, ya kuku, ya mpira, ya kanisani, ya chochote: mnawapokeaje wapya bila kuwachosha wa zamani? Nawasilisha.

Mpita Njia

Nimekaa pale na kahawa yangu.

Mkorofi wa Kibaha

Mkuu, unawadekeza. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa wenu wana mwaka na hata chepe hawajawahi kushika. Mtu ana simu ya laki nane, ana bando, kupandisha juu akasome yaliyojibiwa jana hataki. Anataka umtafunie. Mimi grupu langu la mafundi umeme ukiuliza lililokwisha kujibiwa unatolewa. Tuko 60, kimya, safi.

Mama Chotara

@Mkorofi wa Kibaha, 60 kimya safi hata makaburini wapo.

Kaka zangu, niseme kama mtu aliyekuwa mgeni juzi. Mimi niliingia grupu la namna hii 2023, nina kuku chotara 50, mume yuko safarini, sijui hata maranda yanamwagwa unene gani. Nikauliza. Nikajibiwa "pandisha juu dada, limeshajibiwa". Nikapandisha. Juu kulikuwa na nini? Kulikuwa na ujumbe wa kusema nimeongezwa grupuni. Basi! Sikuona hata neno moja lililoandikwa kabla sijaingia. Hayo majibu yenu ya miaka saba mnayoyaona nyinyi mmeyabeba kwenye simu zenu. Mimi sikuona kitu. Mnaniambia nisome kitabu mlichokifungia kabatini na ufunguo mnao nyinyi.

Nikanyamaza. Nilikaa miezi minne nasoma tu, naogopa kuonekana mjinga. Kuku 11 walikufa katika hiyo miezi minne, na wawili najua leo kwamba ningeuliza wasingekufa.

Baba Trei

Dada yangu, hilo umenipiga nalo. Miaka yote nasema "pandisha juu" na sijawahi kufikiri kwamba mgeni juu kwake ni ukuta. Nimecheka halafu nikaona haya.

Mkorofi wa Kibaha

Haya, hilo la kutoona ya nyuma nakubali. Wahamieni Telegram basi, kule admini akiruhusu mgeni anaona kuanzia siku ya kwanza.

Mama Chotara

Na wazee wa Baba Trei utawahamisha wewe?

Mhariri wa Usiku

Kuku siwajui zaidi ya kuwala, ila hili la wageni na wakongwe nimelipitia pengine. Mimi ni mmoja wa wanaojitolea kuandika Wikipedia ya Kiswahili, ile iliyoanza 2003. Kabla sijafika, mwishoni mwa 2009, Google waliandaa shindano la kuandika makala kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, lenye zawadi. Vijana wakamiminika, makala zikamiminika. Shindano likaisha mwanzoni mwa 2010, na wengi wao wakaondoka nalo. Walioachwa na kazi ya kunyoosha Kiswahili cha zile makala ni wale wale wachache waliokuwepo. Zawadi ilileta watu. Kuwabakiza ni kazi nyingine, na hiyo haikuwa na bajeti.

Kwa wenzetu wa Kiingereza ilikuwa kinyume. Wageni walikuwa wanakuja wenyewe bila kuitwa. Idadi ya wahariri wanaoandika mara kwa mara ilifika kilele 2007 kisha ikaanza kushuka. Watafiti walipochunguza wakakuta moja ya sababu ni hii: mgeni mwenye nia njema anaandika sentensi yake ya kwanza, programu inaifuta ndani ya dakika chache na kumwachia onyo lililoandikwa tayari, lile lile wanaloachiwa waharibifu. Na ujue walikuwa na mwongozo wao wa siku nyingi unaosema usiwang'ate wageni! Mwongozo upo, meno yanafanya kazi. Mwaka 2012 ndipo wakafungua ukurasa wa kuuliza maswali wakauita Teahouse, yaani kibanda cha chai, na watu wa kujibu kwa lugha ya binadamu.

Ninachotaka kusema ni kwamba wale wahariri wa zamani hawakuwa wabaya. Walikuwa wachache, kazi nyingi, wakatafuta njia ya mkato. "Limeshajibiwa, pandisha juu" ni njia ya mkato ya aina hiyo hiyo.

Bwana Waya

Hili si jipya hata kidogo. Zamani kabla ya tovuti kuenea kulikuwa na Usenet, makundi ya mijadala ya watu wa vyuo vikuu hasa. Kila Septemba wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaingia, wanavuruga, wanafundishwa adabu, ikifika Oktoba au Novemba wametulia. Kuanzia 1993 huduma za intaneti za majumbani Marekani zikaanza kuwafungulia wateja wao mlango, wageni wakawa wanaingia kila siku ya mwaka, na wazee wa mle wakasema hii ndiyo Septemba isiyokwisha. Baba Trei, Septemba yako ilianza siku WhatsApp walipokupa zile nafasi 1,024.

Jogoo Mstaafu

Sikutaka kuandika hapa, ila mwenye uzi nimemtambua kwa hiyo ndoo. Mimi ni mmoja wa wale 19. Kwa sasa sitajitaja, atajijua mwenyewe.

Baba Trei, unadhani tumenyamaza kwa sababu ya swali la siku ya saba. Mimi lile swali halijawahi kunichosha. Nalijibu nikiwa natafuna. Mtoto wangu wa mwisho aliniuliza kwa nini mwezi unatufuata, akauliza mara mia, nilichoka? Nilikuwa nambadilishia jibu.

Nikwambie nilichoka lini. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja, joto lile. Kuku wangu 400 wa mayai wako wiki ya 62. Nikaanza kuokota mayai ya ganda laini, unalishika linabonyea kama puto. Kwanza matatu, halafu kumi, halafu trei nzima haiuziki. Nimefuga miaka kumi na tatu na sikuwa na jibu. Nikaandika grupuni, kwa urefu, na picha tatu. Nikaomba mawazo.

Nilipata vidole gumba vitatu. Mmoja akaandika "pole mzee wetu". Halafu likafuata tangazo la vifaranga wa kuroila, oda mwisho Ijumaa. Halafu mtu akauliza chanjo ya siku ya saba, na wewe ukamjibu.

Hakuna aliyenijibu kwa sababu wote wanadhani mimi ndiye wa kujibu. Wageni wanaogopa kunifundisha, wakongwe wenzangu hawafungui grupu tena. Nimekuwa kama kisima: kila mtu anakuja na ndoo, hakuna anayeuliza maji yanatoka wapi. Nikaweka grupu kimya mwaka mzima. Sikulefti kwa sababu ya heshima yako tu.

Mpita Njia

Kahawa imepoa. Endeleeni.

Baba Trei

Mzee wangu, nimekujua. Shikamoo. Ule ujumbe wa mayai nimeurudia sasa hivi, ni kweli, wa kwangu wa siku ya saba uko chini yake palepale. Niliupita. Nilidhani daktari wako wa mifugo anakushughulikia. Nisamehe.

Kilifi kwa Kuku

Hamjambo nyote. Mimi niko huku Kilifi, nitatia neno langu moja. Kwenye gereji ambako kijana wangu anajifunza, mwanagenzi akija leo hakabidhiwi kwa fundi mkuu. Anakabidhiwa kwa kijana aliyekuja mwezi uliopita. Huyo ndiye anayemwonyesha vipuri vinaoshwa wapi, spana namba 14 inakaa wapi, na fundi hapendi kuguswa nini. Kwa sababu gani? Kwa sababu yeye bado anakumbuka yalivyomtatiza. Fundi mkuu alishasahau kwamba kuna mtu asiyeijua spana namba 14. Fundi anaitwa injini inapofunguliwa.

Nyinyi mnamwita fundi mkuu aoshe vipuri, halafu mnashangaa akienda zake nyumbani.

Mkorofi wa Kibaha

Ndugu wa Kilifi, umesema vizuri ila ndicho kilichoua vifaranga 200 kwenye hadithi ya mwenye uzi. Wa juzi alimfundisha wa leo. Kipofu kamshika kipofu mkono.

Kilifi kwa Kuku

La hasha. Gerejini wa juzi anafundisha fundi akiwa hatua tano kutoka hapo, sikio moja liko kwao. Kijana akikosea fundi anaguta tu, "We! Si hivyo!" Neno moja, na kazi inaendelea. Baba Trei aliwajengea wanagenzi gereji yao ng'ambo ya barabara, akamwacha fundi huku peke yake na soda.

Mama Chotara

Na picha jamani. Msisahau picha. Mimi siku nilipothubutu kutuma picha ya bruda yangu (pale pa kulelea vifaranga kwa joto la taa), bila swali lolote, nimeandika tu "ndiyo hii", walinijia wazee ambao sijawahi kuona majina yao. Taa iko juu mno. Kwa nini umeweka bruda ya pembe nne. Hiyo sahani ya maji watazama. Nilipata darasa la nusu saa. Swali la maneno mnalikimbia, picha ya banda la mtu hamuwezi kuiona mkanyamaza.

Jogoo Mstaafu

Hapo dada umetukamata.

Baba Trei (baada ya wiki tano)

Wakuu, narudisha mrejesho, maana tabia ya kuuliza na kupotea siipendi.

Nilichofanya. Ratiba ya chanjo, namna ya kuchanganya, maranda, taa, vyote nimeviandika ukurasa mmoja kwa herufi kubwa, nimeupiga picha. Mgeni akiingia tu anatumiwa inboksi. Haambiwi "pandisha juu". Hilo neno nimelipiga marufuku, na wa kwanza kulivunja nilikuwa mimi, siku ya pili.

Anapewa na mwenyeji mmoja, mtu aliyeingia kama miezi mitatu au minne iliyopita. Siku ya tatu analeta jembe lake: picha ya banda au ya bruda, idadi ya vifaranga, umri wao, na alipo. Basi. Hata kama hana swali.

Dada Mama Chotara, ilikuwa kama ulivyosema na zaidi. Picha ya kwanza ilitoka Kigamboni, vifaranga wote wamekimbilia ukutani mbali na taa, midomo wazi. Mwenyeji wake akaandika "wako vizuri, wamechangamka". Haikupita dakika mbili mzee mmoja ambaye tangu uchaguzi wa 2020 sijamwona akiandika akaibuka: "Si hivyo. Hao wanaungua. Pandisha taa. Wakijirundika chini yake ujue baridi, wakiikimbia joto, wakitawanyika wanakula ndiyo sawa." Akaishia hapo akarudi alikotoka. Kumbe alikuwepo miaka yote, anasoma.

Jambo la pili: Alhamisi kuanzia saa mbili usiku ni zamu ya wakongwe kuuliza. Wenye chini ya mwaka wanasoma, wakiwa na la kusema wanasema, ila maswali ya siku ya saba yanangoja Ijumaa. Alhamisi ya kwanza nilimwomba mzee wangu wa ganda laini arudie swali lake. Alikataa. Nikalirudia mimi kwa niaba yake, na picha zake zile zile.

Majibu yalikuwa 31. Mengi tulikuwa tunayajua: kuku wakizeeka ganda linapungua, joto likizidi wanahema sana na wanakula kidogo. Lakini kuna mtu mmoja, mgeni wa wiki sita, ana kuku 30 tu nyuma ya nyumba, akauliza kwa adabu: "Samahani mzee, maganda ya konokono yaliyosagwa au chokaa unawapa saa ngapi?" Mzee akajibu, asubuhi, pamoja na chakula. Kijana akasema yeye amefanya kazi kiwanda cha chakula cha mifugo miaka minne, na kwamba ganda linajengwa usiku, kwa hiyo zile chembe kubwa za konokono wapewe jioni ili usiku zikae tumboni zinayeyuka polepole. Kimya kikapita. Halafu mzee akaandika: "Kijana, nipigie kesho." Kwa mwandiko wake ule wa herufi kubwa.

Yaliyoshindikana. Wakongwe wawili wamelefti hata hivyo, mmoja aliuza kuku zamani na anafuga samaki, sina la kumlaumu. Wenyeji wanachoka. Kila mmoja nampa wageni watatu, akifika wa nne anaanza kujibu kwa stika. Matangazo ya vifaranga bado ni vita, hayo yaacheni. Na vyeo nimefuta vyote. Mzee anayejua anajulikana.

Jogoo Mstaafu

Mayai yamepungua kubonyea. Hayajaisha. Wiki ijayo nauza nusu ya hao kuku, wamezeeka kama mimi. Nathibitisha ya mwenye uzi.

Mkorofi wa Kibaha

Nimesoma. Sijasema nimekubali. Ile ya kuleta picha siku ya tatu ndilo jembe nililosema tangu mwanzo, ila hamtaki kunipa sifa.

Banda Jipya

Wakuu habari. Samahani kama naharibu uzi, nimejiunga leo. Nina vifaranga 100, siku ya sita, wamejirundika kona moja ya bruda wanapiga kelele na taa inawaka. Naambatanisha picha. Tatizo nini?

Mkorofi wa Kibaha

Dirisha hilo nyuma linaingiza upepo, ndiyo maana wamekimbilia upande mmoja. Ziba na gunia sasa hivi, acha uwazi juu wa kupitisha hewa. Taa shusha kidogo. Halafu hizo kona uziondoe, zungushia boksi liwe duara, watakanyagana wafe. Kesho siku ya saba, mengine soma juu. Wewe unayaona.